Mzee wangu alikuwa Navy, na kila usiku alituhesabu

Babangu alizaliwa Mwingi, mahali ambapo maji ni kitu cha kuchimbwa. Wanaojua pande zile wanaujua mto Tyaa, ukiuita mto mgeni atakucheka manake miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, unachimba shimo mpaka mkono uzame hadi begani ndo upate maji ya kuchota na kibuyu, na punda anakungoja pale kando na mitungi yake. Huyo ndo mtu alikuja kukaa miaka 24 baharini. Alikuwa na miaka 20 mwaka wa 1977 alipoenda kuandikwa jeshi, akakimbizwa, akaangaliwa meno, akaangaliwa nyayo za miguu, alafu afande akauliza nani hapa anajua kuogelea. Mzee akainua mkono. Mtu hajawahi kuona maji yanayofika kiunoni! Hio stori alikuwa akitupigia anaanza kucheka peke yake kabla hajafika mwisho, ati aliona wote walioinua mkono wamevaa viatu vizuri, akajua hao lazima watachukuliwa, na yeye akainua.

Kuogelea alijifunzia huku Mombasa, na kujifunza ni neno la heshima tu, ukweli ni kwamba alisukumwa. Alisema alikunywa bahari mpaka akaizoea, siku ya tatu akaelea. Lakini sikuwahi kumuona akiogelea kwa raha hata siku moja, Krismasi tukienda Shelly Beach wote sisi tuko ndani tunapiga kelele, yeye amesimama maji ya magoti, suruali imekunjwa, anatuangalia vichwa.

Navy yenyewe wakati huo ilikuwa bado changa, ilianzishwa Desemba 12 1964, mwaka mmoja kamili baada ya Kenya kupata uhuru, na kambi ni pale pale Mtongwe ilipo mpaka leo. Meli zilikuwa za kuhesabika, Simba, Chui, Ndovu, alafu miaka ya sabini zikaja Mamba, Madaraka, Jamhuri na Harambee. Mzee alitupwa Mamba, chini kabisa kwenye injini, na maisha yake yote ya jeshi yaliishia huko chini hata alipobadilisha meli. Watu wakisikia baba yako ni Navy wanamuona mtu wa nguo nyeupe amesimama juu na darubini anaangalia mbali. Wetu alikuwa akiangalia geji na ukuta wa chuma. Bahari yote hio aliyosafiri, nyingi hakuiona, aliisikia tu ikigonga upande wa pili wa bati.

Sisi ni watoto wanne, mimi ni wa pili, nimezaliwa 1983. Nyumba yetu iko Likoni, mtaa unaitwa Shika Adabu, ndio jina lake la kweli msicheke, na kwetu lilikuwa limefika kwa wenyewe. Mzee akiwa likizo yunifomu zetu za shule alikuwa anapiga pasi yeye, pasi ya makaa, anapuliza jivu kwanza nje ya mlango ndo arudi ndani, na marinda ya sketi yangu alikuwa anayapanga na rula. Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza kama nalala nimesimama. Na mikono yake, hiyo nitaikumbuka mpaka nife, akirudi kutoka baharini ilikuwa nyeusi kwenye mistari ya kiganja, dizeli imeingia ndani ya ngozi, basi anachukua kipande cha sabuni ya mche na vijiko viwili vya sukari anasugua taratibu pale kwa karai mpaka povu linakuwa la kijivu, anamwaga, anaanza tena. Mama alikuwa anaumwa roho na ile sukari. "Baba watoto, si ununue mchanga, ni bure." Anajibu mchanga unakwaruza, na mimi nataka kuwashika watoto. Hakuwa mtu wa kusema nakupenda, sijui nani kizazi chake alikuwa anasema, lakini mtoto hakuguswa kabla ile povu haijawa nyeupe.

Mwaka wa 1988 ndo ziliingia zile meli mbili kubwa kutoka Uingereza, Nyayo na Umoja, mita hamsini na kitu kila moja, na mzee alikuwa kati ya waliopelekwa huko kuzisomea na kuzileta. Mnaokumbuka enzi zile mnajua kila kitu kilikuwa Nyayo, maziwa ya shule Nyayo, basi Nyayo, jumba Nyayo, kwa hivo mimi mtoto wa miaka mitano nilidhani babangu ameenda kuleta maziwa. Alikaa miezi mingi. Alikuwa akituma kaseti badala ya barua, anazungumza nusu Kikamba nusu Kiswahili, baridi, chakula hakina chumvi, nani amekuwa wa ngapi darasani, na nyuma ya sauti yake kuna mngurumo hauishi. Mama alikuwa akiicheza usiku tukilala. Mpaka leo friji ikianza kunguruma usiku mimi nashikwa na usingizi, na sijui kama hio ni kitu cha kuchekesha ama cha kuhuzunisha.

Aliporudi kitinda mimba wetu alikuwa ameshaanza kutambaa na hakuwa amemuona. Mtoto akalia akamkataa. Mzee hakumlazimisha, alikaa mkekani kando yake wiki nzima akitengeneza redio, bila kumuangalia, mpaka siku moja mtoto akatambaa mwenyewe akaja akashika bisibisi. Nimewaambia rafiki zangu wengi wenye waume wanaofanya kazi mbali, Saudia, Doha, kwenye meli, mwanamume akirudi asikimbilie kukumbatia watoto kwa nguvu, akae karibu tu na kazi mkononi.

Sasa nifike mahali ambapo nilikuwa nazunguka.

Aprili 29 1994, Ijumaa asubuhi, feri ilitoka Mtongwe kwenda upande wa kisiwani ikapinduka haijafika popote, mita kama arobaini tu toka ukingoni. Feri ya watu 300 ilikuwa imebeba zaidi ya 400. Waliokufa ni 272. Wengi walikuwa watu wa kazini, wa sokoni, saa za asubuhi zile kila mtu anakimbilia mjini. Sisi shule zilikuwa zimefungwa kwa hivo tulikuwa nyumbani, na nakumbuka kwanza kilikuja kimya, watu wakaacha kuongea njiani, alafu ndo mayowe. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa ndani ya ile feri, mama wa watoto watatu tuliokuwa tunacheza nao kati. Kambi iko hapo hapo Mtongwe, kwa hivo Navy walishuka na maboti, na mzee alikuwa zamu.

Hakurudi siku hio wala kesho yake. Aliporudi ilikuwa jioni, suruali imekauka chumvi mpaka inasimama yenyewe, hana kiatu kimoja, na hakuingia ndani. Alikaa kwenye kigoda pale nje akamwambia Mama, niletee watoto. Tukapangwa. Akatushika vichwa kimoja kimoja, moja, mbili, tatu, nne. Akanyamaza. Akaanza tena, moja, mbili, tatu, nne. Mikono hakuwa ameiosha, na hio ndo mara ya pekee. Mama alisimama mlangoni na leso mdomoni.

Tangu siku hio alituhesabu kila usiku aliolala nyumbani. Mwanzoni tuliona ni mchezo. Saa sita usiku na saa kumi alfajiri anaamka, hizo ni saa za zamu za meli na mwili wake ulikuwa umezizoea, anapita na tochi ameifunika na kiganja mwanga unatoka mwekundu kwa vidole, anahesabu, anajaribu kitasa cha mlango, anarudi kulala. Kuhusu ile siku yenyewe hakusema neno. Hata moja. Kanisani watu walimuuliza, majirani, yule mume wa jirani yetu alikuja akakaa naye masaa, wakanywa chai wakaangalia chini.

Na kulikuwa na mambo ya feri. Tukipanda feri ya Likoni na mzee, kabla hatujakanyaga ile ramp anatusimamisha, vueni viatu. Viatu mkononi. Wewe fikiria umevaa Jumapili, soksi nyeupe zenye lesi, unaenda mjini, na mamia ya watu wanakuangalia unatembea peku na viatu umebeba kama umefukuzwa mahali. Alafu mnasimama pembeni kwenye reli, sio katikati, na tukiwa tumepewa lifti ya gari lazima tushuke gari likiwa ndani ya feri, hata mvua ikinyesha. Dadangu mkubwa alikuwa kidato cha tatu, alilia kwa aibu. Mzee hakueleza kitu. Alisema tu amri ni amri.

Kakangu, wa tatu kuzaliwa, ndo aliumia zaidi, na hii naiandika kwa ruhusa yake. Mwaka wa 1998 alikuwa na miaka kumi na mbili, alienda mjini kuangalia mpira na wenzake, feri ikaharibika, foleni ikawa ile mnayoijua, akaingia nyumbani saa tano usiku. Mzee alikuwa amesimama barabarani tangu saa moja. Alimpiga kofi moja, na nyie hamjui mkono wa mtu wa injini, kijana alikaa chini. Alafu mzee akapiga magoti pale vumbini akaanza kumvua viatu. Anafungua kamba za viatu huku anatetemeka, kiatu cha kwanza, cha pili, anaviweka kando vimepangana. Kakangu alichokumbuka ni kofi. Viatu tulivikumbuka sisi tuliokuwa tunachungulia dirishani. Baada ya pale hawakuwa sawa kwa miaka mingi, kijana akakua, akamaliza shule, akapata kazi Doha akaondoka bila kugeuka nyuma, na simu zake na mzee zilikuwa hivi, "Umefika?" "Nimefika." "Haya." Anakata. Kakangu alisema baba hana kingine cha kuniuliza maishani.

Mimi sitamtetea kwa lile kofi. Nimelea watoto wawili na najua uoga ukishakuwa mkubwa unatafuta mkono wa kutokea, lakini mtoto hajui uoga wa mtu mzima, mtoto anajua shavu lake.

Alistaafu 2001, sinia sajini, na pensheni ikachukua muda wake kuja, hio hadithi kila familia ya askari inaijua nisiwachoshe. Masikio yalikuwa yamekufa nusu. Miaka 24 kando ya injini zile, na walipewa vya kuziba masikio lakini alisema ukiziba husikii injini ikianza kuugua, kwa hivo alikuwa anavaa sikio moja. Nyumbani tukawa watu wa kupiga kelele, mgeni akija anadhani tunagombana kumbe tunaomba chumvi.

Alifungua kibanda cha kutengeneza injini za boti, mabati manne na meza, na wavuvi wakamjua kwa jina la Fundi. Ndo mimi nikaanza kukaa naye, nilikuwa nimemaliza fomu fo sina kazi. Fundi yeyote wa makenika anajua ile ya kuweka bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio unasikiza bearing. Mzee masikio hayakuwa yanasaidia tena, basi alikuwa anauma. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini inayonguruma, anashika mpini na meno, anafumba macho. Mifupa ya kichwa inamsikizia. Nimewaona wazungu watalii wakimpiga picha wakidhani ni mila fulani. Dakika moja hivi, anafungua macho anasema, ya pili kutoka chini, inakwaruza, na ukifungua ni hio hio ya pili kutoka chini.

Kwenye biashara alikuwa hasara tupu. Mvuvi analeta injini, inatengenezwa, anauliza ngapi, na mzee jibu lake lilikuwa moja, "Utalipa ukirudi." Hataki deposit. Ukirudi baharini ndo ulipe. Mama ambaye alikuwa anaamka saa tisa usiku kukanda mahamri na kukaanga viazi karai ili kitinda mimba asome, alimuuliza mbele yetu, hii ni karakana ama umefungua sanduku la sadaka? Mimi nilikuwa upande wa Mama, sifichi. Nilimnunulia daftari kubwa jeusi lile la hesabu nikamchorea mistari, jina la chombo, shida ya injini, pesa, tarehe. Akalichukua, akashukuru, akawa anaandika kila siku miwani imeshuka puani. Nikasema afadhali, mzee sasa amekuwa mtu wa biashara.

Septemba 2019 kuna gari liliteleza kutoka kwenye feri hapa Likoni na mama na mtoto wake ndani, wote mnakumbuka, nchi nzima ilikuwa hapa. Siku 13 kabla ya kutolewa. Kwa bahati kakangu alikuwa amekuja likizo kutoka Doha, tumekaa sebuleni tunaangalia tivi, na kwenye simu watu wanawatukana wapiga mbizi wa Navy vibaya, ati wanakula mishahara ya bure, ati hata mvuvi angeshaitoa. Kakangu akasoma moja kwa sauti akacheka kidogo. Mzee akainuka akazima tivi. Alafu akaanza kuongea, na hakuwa ameongea hivo maisha yake yote. Akaeleza huo mkondo ni njia ya meli kubwa za Kilindini, kina chake si mchezo, mahali gari lilipopatikana ni karibu mita 60, mtu akishuka huko anakaa chini dakika chache tu na kupanda juu ni kwa pole pole la sivyo damu inamuua, maji yanavuta, tope ukilikanyaga linainuka huoni hata mkono wako ukiuweka usoni. "Unatafuta na vidole," alisema. "Unashika kitu hujui ni kamba ama ni nywele."

Kakangu akamuuliza, kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio, ulitafuta na vidole, baba?

Mzee akasema yeye hakuwa mpiga mbizi, yeye alikuwa kwenye boti 1994, wa kupokea. Akasema kitu cha kwanza walichokuta ni slipas. Maji yamejaa slipas zinaelea, za bluu, za watoto, za mpira zile, zimesambaa mpaka upande wa kambi, na vile wote walikuwa wanatafuta watu wakawa wanazisukuma na makasia. Wenye slipas zilitoka miguuni zenyewe. Waliovaa viatu vya kazi, vya kamba, buti, hao ndo walikuwa wazito kupandisha. Akaangalia miguu ya kakangu. "Wewe ulikuwa na raba zile nyeupe, za kamba ndefu. Nilikuwa nakwambia ununue za kuingiza tu, hukutaka."

Hakuna aliyesema kitu. Kakangu alitoka nje, nikadhani amekasirika, kumbe ameenda kulia nyuma ya choo mtu mzima wa miaka thelathini na tatu. Waliamka wote saa kumi alfajiri ile. Nilisikia wanajaribu kitasa cha mlango pamoja.

Mzee alifariki Juni 2023, moyo, siku nne tu. Tukampeleka Mwingi kwa sababu ndivyo alivyotaka, tukapita Kibwezi, Kitui, basi moja na gari mbili, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Watu wa Likoni waliokuja nasi walikuwa hawajawahi kuona mto wa mchanga, wakashuka kupiga picha. Wenzake wanne wa zamani walikuja na koti na bereti, wazee wenye magoti mabovu, mmoja alikuwa na ile filimbi ya shaba ya melini ambayo hupigwa afisa mkubwa akipanda ama kushuka meli, akaipiga jeneza likishuka. Mlio mwembamba mrefu, unapanda unakatika. Mbuzi wote wa kijiji waliinua vichwa. Shangazi yangu akaniuliza kwa Kikamba, huyo anaita nani? Nikamwambia anamuaga. Akasema mbona amepiga kama anamuita.

Tuliporudi Likoni kulikuwa na deni la mazishi na Mama akasema lichukueni lile daftari, wavuvi walipe. Haki yetu kabisa. Nikakaa kibandani asubuhi moja nikalifungua na kalkuleta. Nilichokuta ni kwamba ile mistari yangu mzee aliifuta na kuichora upya. Jina la chombo lipo. Shida ya injini ipo, mwandiko mdogo wa kulala. Nafasi ya pesa imeandikwa saa ya kutoka, na ile ya tarehe imeandikwa neno moja, karudi. Karudi saa kumi na moja. Karudi saa mbili usiku. Karudi asubuhi, mafuta yaliisha. Kurasa na kurasa, miaka. Pesa hazikuandikwa popote isipokuwa hapa na pale kijinukta na penseli, na mahali pengine amepigia mstari chombo kimoja chini mara mbili na nafasi ya karudi iko wazi, alafu siku tatu mbele imeandikwa na wino tofauti, karudi, alivutwa Shimoni, wazima wote. Wavuvi waliniambia baadaye walikuwa wanajua. Mtu akirudi lazima apite kwa Fundi hata kama hana shilingi, la sivyo mzee atashuka ufuoni na tochi.

Nilizima kalkuleta. Mama nilimwambia ukweli, kwamba hakuna madeni humo. Aliuliza sasa alikuwa anaandika nini miaka yote hio nikamsomea ukurasa mmoja. Akasema, huyo baba yenu. Akarudi kwa mahamri yake.

Ukurasa wa mwisho kulikuwa na mstari mmoja haujamalizika, mashua ya watu watano, ilitoka siku mbili kabla mzee hajaanguka. Nikauliza ufuoni, wakaniambia wale wako pande za Vanga, kusi imewashika, wanauza samaki huko huko. Kama wiki mbili baada ya mazishi, mimi niko kibandani napanga spana, akaja kijana amechomeka na jua, ana ndoo. Hakuwa amesikia. Akaweka ndoo chini akaniambia, dada, mwambie Fundi tumerudi, na pesa yake ni hii nusu, nusu ingine samaki.

Nikamwambia. Alikaa chini pale pale kwenye tairi. Baada ya muda akasema mimi nahodha, tulikuwa watano tumerudi watano, andika. Nikatafuta ile kalamu ya mzee yenye mpira ameufunga isiteleze, nikaandika karudi, saa kumi na robo.

Ndani ya ndoo kulikuwa na changu wanne. Tuliwakaanga usiku ule, na kichwa cha yule mkubwa, ambacho siku zote kilikuwa cha mzee, Mama alikizungusha zungusha kwenye sahani alafu akampa kitinda mimba.